Njia ya Kurudi kwenye Chanzo: Historia ya Marejeo katika Maandishi ya Kitaaluma

Marejeo, yaani orodha ya maandishi ambayo mwandishi ameyategemea pamoja na alama ndogo zinazoiunganisha orodha hiyo na sentensi zake, ndiyo sehemu ya makala ya kitaaluma inayoandikwa mwisho, inayosomwa na wachache, na ambayo aghalabu humrudia mwandishi kutoka kwa mhariri ikiwa imejaa masahihisho. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa mahali pa kuweka nukta, mkato na mabano, na jina lipi litangulie lingine, lakini ni nadra kuelezwa kwamba kila moja ya kanuni hizo ilibuniwa na watu fulani, mahali fulani, ili kutatua tatizo lililokuwa likiwasumbua. Zilibuniwa kwa ajili ya msomaji asiyeridhika na kuambiwa tu, anayetaka kurudi mwenyewe hadi chanzo akakione. Zilibadilika kila umbo la kitabu lilipobadilika, na zilipohama kutoka jamii moja hadi nyingine zilibeba mazoea ya kule zilikotoka kuhusu jina la mtu, kuhusu tarehe, na kuhusu kitu kinachostahili kuitwa chanzo.

Desturi ya kumtaja aliyetangulia ni kongwe kuliko vyuo vikuu. Pliny Mkubwa, mwanazuoni wa Kirumi aliyekamilisha kitabu chake kikubwa cha elimu ya maumbile mnamo mwaka 77 B.K., aliitenga juzuu nzima ya kwanza kwa ajili ya yaliyomo na majina ya waandishi aliowatumia katika kila juzuu iliyofuata, na katika dibaji yake alilalamika kwamba alipowalinganisha waandishi wa zama zake na wale wa kale aliwakuta wamenakili neno kwa neno bila kuwataja wenyewe. Orodha yake, hata hivyo, ilikuwa ya shukrani zaidi ya kuwa ya uthibitisho, kwa sababu ilimweleza msomaji ni akina nani waliosomwa, ila mara nyingi haikumwonyesha ni taarifa ipi hasa iliyotoka kwa nani.

Mfumo ulioifunga kila taarifa moja moja na chanzo chake ulikomaa katika elimu ya hadithi za Mtume Muhammad. Hadithi ina sehemu mbili: matini, ambayo ni maneno yenyewe yaliyopokewa, na isnadi, ambayo ni mfululizo wa majina ya wapokezi kuanzia kwa mkusanyaji hadi kwa aliyeyasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza. Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Muslim, aliyefariki mwaka 875, kwa kawaida hawakuandika hadithi bila kuitanguliza isnadi yake, na zote mbili zilihukumiwa kwa pamoja, kwa kuwa maneno mazuri yaliyobebwa na mfululizo uliokatika yaliwekwa katika daraja la dhaifu. Kutokana na hitaji hilo ilizaliwa elimu ya wapokezi, iliyochunguza kila mtu katika mfululizo: aliishi wapi na lini, je, aliwahi kweli kukutana na yule anayedai kumsikia, kumbukumbu yake ilikuwaje, na je, alijulikana kwa ukweli? Kamusi za wasifu zilizotokana na uchunguzi huo, zikiwamo zile za Ibn Hajar al-Asqalani wa Kairo, aliyefariki mwaka 1449, zimesheheni maelfu ya majina ambayo umuhimu wake mkuu ni kuwa vituo katika njia ya kurudi nyuma.

Mantiki hiyo haikukaa mbali na pwani ya Afrika Mashariki. Katika madrasa na misikiti ya Lamu, Mombasa na Unguja mwanafunzi aliyehitimu kitabu alipewa ijaza, yaani idhini ya kukifundisha, na ijaza ilitaja mwalimu aliyeitoa na walimu waliomtangulia. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alipoandika kuhusu wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki aliipanga sehemu kubwa ya maelezo yake kwa kufuata nani alisoma kwa nani, na msomaji wa kitabu hicho hupata ramani ya elimu ambayo hakuna orodha ya vitabu vilivyochapishwa ingeweza kuichora. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila inaposemwa kwamba urejeleaji ni desturi iliyoletwa na chuo kikuu cha kisasa, kwani mwambao ulikuwa na urejeleaji wake, uliokuwa mkali na uliojengwa juu ya watu badala ya kurasa.

Huko Uingereza ya kaskazini, mtawa Beda wa Jarrow, aliyefariki mwaka 735, alibuni njia yenye umbo la karibu zaidi na marejeo ya leo. Alipofafanua Injili ya Luka alichanganya maneno yake na ya mababa wa Kanisa, na kwa kuwa hakutaka kuonekana mwizi, aliweka herufi pambizoni mwa ukurasa mahali maneno ya kila mmoja yalipoanza na yalipoishia: herufi za Ambrose, za Augustine, za Gregory na za Jerome. Akawaomba wanakili wa baadaye wazihifadhi alama hizo. Wengi hawakumsikiliza, na katika nakala nyingi alama zilidondoka au zikasogea, kwa kuwa mnakili aliyekuwa akihesabu ngozi na wino aliziona kuwa pambo. Wahariri wa leo wanaopokea miswada ambayo namba za marejeo zimepishana na orodha wanapambana na udhaifu uleule: alama ya rejeo haibebi maana peke yake, hivyo ndiyo inayopotea kwanza.

Kabla ya uchapaji, kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa kwamba namba ya ukurasa haikuwa na maana nje ya nakala moja. Vitabu viwili vilivyonakiliwa kwa mkono kutoka katika chanzo kimoja vilitofautiana kurasa, hivyo aliyetaka kumwelekeza mwenzake mahali fulani alilazimika kutaja sura, au maneno ya kwanza ya kifungu. Mgawanyo wa Biblia katika sura unaotumika hadi leo hunasibishwa na Stephen Langton, aliyefundisha Paris kabla ya kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kufariki mwaka 1228. Baada ya mashine ya Gutenberg kuenea kuanzia katikati ya karne ya 15, mamia ya nakala za toleo moja zilifanana ukurasa kwa ukurasa, na kwa mara ya kwanza watu wawili waliokaa miji tofauti waliweza kufungua mahali palepale kwa kutajiana namba tu.

Familia moja ya wachapaji, ya Estienne, iliifaidi nafasi hiyo kuliko nyingine. Mwaka 1551 Robert Estienne alichapisha huko Geneva Agano Jipya lililogawanywa kwa aya zenye namba, na mgawanyo huo ndio msingi wa namba ambazo Wakristo wa lugha zote huzitaja leo. Mwanawe Henri alichapisha mwaka 1578 maandiko yote ya Plato, na kila ukurasa wake ukagawanywa vipande vilivyowekewa herufi kuanzia a hadi e. Anayenukuu leo mfano wa pango katika kitabu cha Jamhuri huandika 514a, na msomaji wa tafsiri ya lugha yoyote hupafikia mahali hapo, kwa kuwa namba za toleo la 1578 huchapwa pambizoni mwa matoleo mapya. Aristotle alifanyiwa hivyohivyo katika toleo la Immanuel Bekker lililochapishwa Berlin kuanzia mwaka 1831. Kanuni ya kitaaluma imedumu karne nyingi baada ya karatasi iliyoizalisha kuchakaa, na hilo linaonyesha kwamba rejeo zuri ni lile lisilofungwa na nakala aliyokuwa nayo mwandishi mezani.

Tanbihi, ambazo ni maelezo yanayowekwa chini ya ukurasa na kuunganishwa na matini kwa alama au namba, zilipata heshima yake katika mabishano ya karne ya 17 na ya 18. Pierre Bayle, mkimbizi wa kidini wa Kifaransa aliyeishi Rotterdam, alitoa mwaka 1697 kamusi ya historia ambayo ndani yake maelezo ya pembeni yaliizidi matini kwa wingi, kwa sababu lengo lake lilikuwa kuyafichua makosa yaliyorithiwa kitabu hadi kitabu bila yeyote kwenda kwenye chanzo. Edward Gibbon alipotoa juzuu ya kwanza ya historia yake ya kuporomoka kwa Dola ya Kirumi mwaka 1776, tanbihi zake ziliwekwa mwishoni mwa kitabu, na mwanafalsafa David Hume, aliyebakiwa na miezi michache tu ya kuishi, alimwandikia mchapaji William Strahan akilalamika kwamba msomaji anasumbuliwa kufungua nyuma kila anapoona namba, mara nyingi akakuta jina la kitabu tu. Akapendekeza marejeo yachapwe pambizoni au chini ya ukurasa. Matoleo yaliyofuata yaliuzingatia ushauri huo. Mjadala wa tanbihi za chini dhidi ya za mwisho, ambao wahariri hudhani ni wa kompyuta, una umri huo.

Leopold von Ranke, mwanahistoria wa Kijerumani ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1824, aliuongezea mjadala huo jambo la msingi. Kiambatisho cha kitabu hicho kiliwachambua wanahistoria wa Italia wa karne ya 16 na kuonyesha kwamba hata waliotegemewa sana walikuwa wamenakili wengine, hivyo kumtaja mwandishi hakutoshi: sharti mtu aeleze mwandishi huyo naye alijuaje. Katika semina aliyoiendesha Berlin, wanafunzi walizoezwa kuyahoji marejeo kama mashahidi mahakamani, na desturi hiyo ikasafiri hadi Marekani na kwingineko pamoja na wahitimu wa vyuo vya Kijerumani.

Wakati huohuo majarida yalikuwa yamekwishaleta aina nyingine ya chanzo. Mwaka 1665 yalizaliwa mawili, moja Paris likiongozwa na Denis de Sallo, jingine London likihaririwa na Henry Oldenburg, na kwa kuwa jarida hutoka kwa awamu, rejeo lake lilihitaji vitu ambavyo kitabu hakikuvihitaji: juzuu, toleo, mwaka na ukurasa. Kwa zaidi ya karne mbili kila mwandishi alivipanga alivyotaka, na vifupisho vya majina ya majarida vilikuwa kama lugha ya siri ya wenye fani.

Hatua iliyobadili sura ya ukurasa wa kisayansi ilichukuliwa mwaka 1881 na Edward Laurens Mark, mwanazuolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala ndefu kuhusu ukuaji wa yai la koa wa bustanini aitwaye Limax campestris. Badala ya kuzirundika tanbihi chini ya kila ukurasa, Mark aliweka ndani ya mabano mwaka wa chapisho baada ya jina la mwandishi, akaeleza katika tanbihi moja jinsi alama hizo zinavyosomwa, kisha akaorodhesha maandishi yote mwishoni. Kwa macho ya leo jambo hilo ni dogo mno, lakini lilihamisha kitu muhimu: msomaji sasa aliuona mwaka ndani ya sentensi yenyewe, akajua papo hapo nani alitangulia na nani alifuata. Si ajabu kwamba wazo hilo lilitoka kwa mtu wa zuolojia, kwani katika fani hiyo jina la kisayansi la mnyama huandamana na jina la aliyemtaja kwanza na mwaka, na ubishi kuhusu nani alitangulia huamua jina lipi libaki.

Mtindo huo umeenea duniani kwa jina la Harvard, ingawa chuo chenyewe hakina mwongozo rasmi wenye jina hilo. Asili yake ilikuwa imesahaulika hata Eli Chernin alipoifuatilia na kuichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza mwaka 1988, zaidi ya miaka mia moja baada ya makala ya koa. Matokeo ya kutokuwa na mlezi mmoja yanaonekana hadi leo: chuo kimoja huweka mwaka katika mabano na kingine hakiweki, kimoja hudai mkato baada ya jina na kingine huukataza, na vyote husema vinafuata Harvard. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayekaripiwa kwa kukosea mtindo huo anastahili kujua kwamba anayemkaripia hana kitabu kimoja cha kumwonyesha, ila mwongozo wa idara yake tu.

Miongozo yenye mlezi ilifuata. Shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Chicago, lililofungua milango mwaka 1891, lilitoa mwaka 1906 kitabu cha kanuni ambacho awali kilikuwa karatasi za wapanga herufi wake. Katika chuo hichohicho Kate Turabian, aliyekuwa karani wa tasnifu tangu mwaka 1930, alitoa mwaka 1937 kijitabu cha kuwasaidia wanafunzi, na kijitabu hicho kikakua hadi kuwa kitabu kinachotumika mabara yote. Ni miongoni mwa matukio nadra katika historia ya elimu kwamba mtu asiye profesa aliamua kurasa za maprofesa wa vizazi vilivyofuata ziwe na sura gani. Wanasheria wa Harvard na wenzao walianza mwongozo wao mwaka 1926. Mwaka 1928 wahariri wa majarida ya saikolojia na anthropolojia walikutana Washington chini ya Madison Bentley, na maelekezo yao yaliyochapwa mwaka 1929 yalijaza kurasa 7. Toleo la saba la mwongozo huo, linalojulikana kwa herufi APA, lilitoka mwaka 2019 likiwa na kurasa zaidi ya 400. Wataalamu wa lugha na fasihi wa Marekani walitoa karatasi yao mwaka 1951, na mwaka 1984 waliachana na tanbihi kwa ajili ya marejeo ya ndani ya mabano. Nyuma ya uamuzi wa namna hiyo palikuwa na sababu ya mkono na mashine: kupanga tanbihi chini ya ukurasa kwa risasi za chapa kulikuwa ghali, na kuzipiga kwa taipureta, mtu akikisia mistari mingapi ibakizwe chini, kuliwamaliza makarani.

Taipureta hiyohiyo ilisababisha mkutano uliofanyika Vancouver, Kanada, Januari 1978. Makala ya kitabibu ikikataliwa na jarida moja ilipelekwa kwa jingine, na kwa kuwa kila jarida lilikuwa na mpangilio wake, orodha nzima ya marejeo ilibidi ipigwe chapa upya kuanzia mstari wa kwanza, hata kama sayansi ndani yake haikubadilika neno. Kikundi kidogo cha wahariri, akiwamo Edward Huth wa Marekani na Stephen Lock wa Uingereza, kilikubaliana kwamba majarida yao yatapokea muswada ulioandikwa kwa mpangilio mmoja wa pamoja, na masharti hayo yakachapishwa mwaka 1979. Katika mpangilio wa Vancouver kila chanzo hupewa namba kwa kufuata mahali kilipotajwa mara ya kwanza, na orodha ya mwisho hufuata namba hizo badala ya alfabeti. Faida yake ni wepesi: sentensi ya daktari haikatizwi na majina sita. Hasara yake ni kwamba namba 14 haimwambii msomaji chochote, wala haimwonyeshi kama ushahidi ni wa jana au wa miaka hamsini iliyopita, na hapo ndipo mtindo wa Mark unapoushinda. Hakuna ushindani wa haki kati ya mitindo usioanza kwa kuuliza msomaji wa fani hiyo anahitaji kuona nini kwanza.

Kabla ya hapo Eugene Garfield, mtaalamu wa taarifa wa Marekani, alikuwa ameyageuza marejeo kuwa kitu cha kuhesabiwa. Katika makala ya mwaka 1955 alipendekeza faharasa ambayo ingeonyesha, kwa kila makala, ni zipi za baadaye zilizoitaja, naye wazo alilipata kwa wanasheria wa Marekani, ambao tangu mwaka 1873 walitumia vitabu vya Frank Shepard kufuatilia kama hukumu fulani bado inasimama. Taasisi yake ya Philadelphia ilitoa faharasa ya sayansi katika miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 1975 ripoti za kuyapima majarida kwa wastani wa kutajwa kwake. Kwa mara ya kwanza kosa la herufi katika jina lilimnyima mtu hesabu yake, na kwa mara ya kwanza pia watu walipata sababu ya kutaja wasiowasoma. Njia iliyojengwa kwa ajili ya kurudi kwenye chanzo ikawa mizani ya ajira, na mzigo huo haijawahi kuutua.

Mifumo hii ilipoingia Afrika Mashariki, katika jarida la wanahistoria na wapenda maumbile wa Tanganyika lililoanza mwaka 1936, katika majarida ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili, na baadaye katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere, ilikuta vyanzo ambavyo haikuvitarajia. Tatizo la kwanza ni la majina. Mitindo ya Kimagharibi hudhani kwamba jina la mwisho ni la ukoo, hivyo hulitanguliza na kuyafupisha mengine, ilhali katika sehemu kubwa ya uswahilini jina la pili ni la baba. Shaaban Robert huorodheshwa mara nyingi kama Robert, S., na kwa utaratibu huo vitabu vyake vinasimama chini ya jina la baba yake, huku jina alilopewa yeye likibaki herufi moja. Wapo wahariri wa Kiswahili wanaoliacha jina lake zima lilivyo, na uamuzi huo ni sahihi zaidi, kama ule wa wakutubi wanaowaorodhesha Waethiopia na Waiceland kwa jina la kwanza. Tatizo huwa zito zaidi kwa washairi wa kale. Utenzi wa Mwana Kupona binti Msham ulihaririwa na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, na kwa kuwa rejeo humfuata mtu ambaye jina lake limo kwenye jalada, zipo tasnifu ambazo maneno ya mama huyo wa Pate yamefuatwa na mabano yenye majina ya wageni wawili na mwaka ambao yeye alikuwa amekwishafariki zamani. Mwandishi makini huanza na jina la mtunzi, kisha humtaja mhariri mahali pake, na kanuni za mitindo yote mikubwa zinaruhusu hivyo.

Miswada nayo ina mambo yake. Historia ya Kilwa kwa Kiarabu, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 16, inajulikana kwa nakala iliyotoka kwa Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar na kufika Jumba la Makumbusho la Uingereza, ambako ilipewa namba Or. 2666. Aliyeitunga hajulikani kwa hakika, mchapishaji hakuna, ukurasa ni karatasi zenye uso na mgongo, na kinachoishikilia mahali pake katika elimu ni namba hiyo ya rafu. Arthur Strong aliichapisha mwaka 1895, na tangu hapo msomaji hana budi kuelezwa kama mwandishi ameiona nakala yenyewe au amesoma chapa ya Strong, kwani Ranke angeuliza hivyohivyo.

Changamoto kubwa kuliko zote ilikuwa ya masimulizi. Jan Vansina, aliyetafiti miongoni mwa Wakuba wa Kongo na kisha Rwanda na Burundi, alitetea katika kitabu cha mwaka 1961 kwamba mapokeo ya mdomo ni chanzo cha historia kikihakikiwa kwa kanuni zake. Bethwell Ogot kwa Waluo, katika kitabu cha mwaka 1967, na Isaria Kimambo kwa Wapare, katika kitabu cha mwaka 1969, waliandika historia ambazo zisingewezekana bila wazee waliohojiwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika kusini mwa Tanzania kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na kila taarifa iliyoandikwa ilipewa namba, hata wanahistoria waliofuata, kuanzia John Iliffe na Gilbert Gwassa, wakaweza kuitaja kwa herufi MMRP na tarakimu zilizotenganishwa kwa mikwaju. Mzee wa kijijini alipata hivyo anwani ya kudumu ndani ya maktaba, na neno lake liliweza kuhakikiwa sawa na barua ya gavana wa Kijerumani.

Mafanikio hayo hayakuibadili miongozo mikubwa upesi. Kwa mtindo wa APA mahojiano ambayo msomaji hawezi kuyapata huhesabiwa kuwa mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya matini tu na hayaingii kwenye orodha ya mwisho. Sababu yake inaeleweka, kwani orodha ni ya vitu vinavyoweza kufikiwa, lakini matokeo yake kwa tasnifu ya utamaduni ni mazito, maana mtu anayesoma orodha peke yake ataona vitabu vya wageni na hataona hata mmoja wa waliofundisha. Toleo la mwaka 2019 liliongeza maelekezo kuhusu maarifa ya jadi ya wenyeji, na mwaka 2021 Lorisia MacLeod wa Kanada alichapisha vielelezo vinavyompa mzee mwenye maarifa nafasi yake katika orodha, kwa jina, taifa lake, mahali, mada na tarehe. Wahariri wa majarida ya Afrika Mashariki wana sababu ya kuyachukua maelekezo hayo, na sababu kubwa zaidi ya kuutazama upya utaratibu wa namba wa 1968, ambao uliwapa wazee anwani na si jina pekee.

Kompyuta ilikuja kubeba kazi ya vidole. Mwaka 1985 Oren Patashnik, akishirikiana na Leslie Lamport, alitengeneza programu ya BibTeX, iliyotenganisha taarifa za chanzo na sura yake: mwandishi huhifadhi jina, mwaka na ukurasa mara moja, na programu huvipanga kwa mtindo wowote. Zotero, iliyotoka Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006 na kutolewa bure, iliusambaza uwezo huo kwa wasio na fedha, na hazina yake ina mitindo zaidi ya 10,000. Wakati huohuo, kwa kuwa anwani za tovuti hufa, mashirika ya wachapishaji yaliunda mwaka 2000 mfumo wa Crossref, ambao kila makala hupewa namba ya kudumu iitwayo DOI, inayoanza kwa 10 na kumpeleka msomaji kwenye makala hata jarida likihama. Hitaji lilikuwa la kweli: uchunguzi wa mwaka 2014 wa Jonathan Zittrain na wenzake ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya viungo vya tovuti katika majarida ya sheria ya Harvard waliyoyapima havikuwa tena na taarifa iliyokuwa imerejelewa.

Hata hivyo mashine inayopanga haihakiki. Mwaka 2017 Anne-Wil Harzing alieleza kisa cha makala kuhusu sanaa ya kuandika makala za kisayansi, iliyokuwa imetajwa karibu mara 400 na ambayo haikuwahi kuandikwa: ilikuwa kielelezo tu katika maelekezo ya mchapishaji kwa waandishi, na watu waliiacha ikabaki kwenye orodha zao au wakainakili kutoka orodha za wengine. Juni 2023 mahakama ya shirikisho ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hukumu ambazo hazijawahi kutolewa, zilizotungwa na programu ya akili unde zikiwa na majina, namba na kurasa zilizopangwa bila kasoro. Tangu hapo wahariri wameanza kuifanya kazi ambayo wahakiki wa isnadi waliiweka mbele ya nyingine zote: kabla ya kutazama mkato na mabano, hufungua kila namba ya DOI kuona kama upande wa pili pana mtu aliyeandika.